Maradhi ya Sukari na Mwenye Kupanda Mkarafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaandikieni habari za miche na mbolea, za bei, na za kuanika karafuu mpaka ikatoa ile rangi inayopendwa na wanunuzi. Safari hii Kamati imetutaka tuandike habari za mwili wa mwenye shamba na mwili wa mchumaji, na sababu yake ni hii.

Msimu uliopita, katika shamba la mwanachama wetu mmoja upande wa kaskazini wa Pemba, mchumaji mmoja alionekana juu ya mkarafuu ameacha kuchuma. Ni mtu mzima, baba wa watoto, na hodari wa kazi. Ilikuwa yapata saa tatu ya asubuhi. Alipoitwa, alijibu maneno yasiyo kichwa wala miguu. Waliokuwa chini wakacheka, wakidhani afanya mzaha. Mmoja akasema labda ana hasira ya ujira. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua karafuu jamvini ndiye aliyetambua, kwani marehemu mumewe alikuwa na maradhi hayo hayo. Akainuka akasema, "Huyo hafanyi mzaha, huyo sukari imemshuka. Mpandieni!" Vijana wawili wakapanda, wakamfunga kamba kiunoni na kumteremsha pole pole. Shati lake lilirowa kama la mtu aliyetoka baharini. Akanyweshwa maji ya sukari, na baada ya robo saa akatazama watu, akauliza, "Kulikoni?"

Sisi tunaoandika haya tulikuwapo siku hiyo, tumekwenda kuhesabu pishi, na twakiri kwamba nasi tulicheka.

Baadaye alitueleza kwamba ana maradhi ya sukari kwa mwaka wa 6 sasa. Alfajiri alijipiga sindano yake kama desturi, lakini gari ya wachumaji ikafika mapema, akaiacha chai yake mezani akarukia gari. Tukamwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Akajibu, "Ningelisema, nani angelinipa mti?"

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Maradhi haya hayamzuii mtu kuishi umri mrefu wala kufanya kazi. Lakini yataka mambo mawili: mwenyewe ayajue mahesabu yake ya kila siku, na wale walio karibu naye wayajue pia. Kisicho faida ni siri.

MARADHI HAYA NI NINI

Chakula tulacho, hasa wali, muhogo, mkate, viazi na ndizi, kikisha kusagika tumboni hugeuka sukari. Sukari hiyo huingia katika damu na kuchukuliwa mwili mzima ili iwe nguvu ya kazi. Lakini haiwezi kuingia yenyewe ndani ya nyama za mwili. Yataka kufunguliwa mlango. Mfungua mlango ni insulini, nayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini milango imekuwa migumu kufunguka, sukari hubaki imejaa katika damu hali mwili wenyewe una njaa. Mfano wake ni mtu mwenye ghala la mpunga aliyepoteza ufunguo.

Maradhi haya ni ya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana, ingawa hata mtu mzima aweza kupatwa. Kongosho huacha kabisa kutoa insulini, na mgonjwa hana budi kupata sindano kila siku ya maisha yake. Namna ya pili ndiyo iliyo nyingi kupita zote. Hii huja pole pole kwa watu wazima, hasa wenye mwili mzito tumboni, wakaao sana bila ya kazi, au waliozaliwa katika ukoo wenye maradhi hayo. Iko pia sukari ya wakati wa mimba, na mama aliyepatwa nayo apimwe tena baada ya kujifungua, kwani aweza kurudiwa na maradhi hayo siku za mbele. Hayaambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala pamoja.

Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kukonda, kuchoka, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Wazee wetu walikuwa wakiona sisimizi wamekusanyika penye mkojo wa mtu, wakajua kwamba pana jambo. Lakini wengi wenye namna ya pili hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikisia kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na maradhi haya, na katika kila 10 zaidi ya 4 hawakujijua. Kwa hiyo kupima ndiyo njia ya kujua. Mtu aliyelala bila ya kula, damu yake ikipimwa asubuhi, hesabu yake hutakiwa iwe chini ya 6.1. Ikifika 7 au kuzidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vile vile, hiyo ni sukari. Mwenye miaka zaidi ya 40, au mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, na apimwe japo haumwi.

MAFIGA MATATU

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, kitamwagika. Sukari ya mwili nayo inakaa juu ya mafiga matatu, nayo ni chakula, kazi na dawa. Chakula huipandisha, kazi huishusha, na dawa huishusha. Mtu akizidisha kimoja, au akikipunguza, hana budi kuvitazama viwili vilivyobaki. Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka kila msomaji wetu alishike, kwa kuwa mengine yote yatokana na hilo.

Sasa tuutazame mwaka wa mtu wa karafuu. Msimu ukiingia, huondoka nyumbani kabla ya jua, hula ovyo au asile mpaka adhuhuri, hupanda na kushuka mchana kutwa, na usiku hukesha akichambua. Figa la kazi limekuwa kubwa na la chakula limekuwa dogo. Ikiwa dawa ni ile ile ya siku zote, sukari itashuka. Msimu ukiisha, fedha ipo mkononi, harusi zinafuatana, soda na halua haziishi barazani, na miguu haina safari. Hapo figa la chakula limekuwa kubwa na la kazi limetoweka, na sukari itapanda. Basi mgonjwa wa kwetu asingoje maradhi yamzidi. Yampasa kumwona daktari mara mbili hasa: kabla ya msimu na baada ya msimu, amweleze kazi yake ilivyo, ili dawa ipimwe upya. Daktari wa mjini hawezi kujua kwamba wewe unapanda miti usipomwambia.

CHAKULA

Watu hudhani kwamba mgonjwa wa sukari apikiwe chungu chake peke yake. Si hivyo. Chakula kimfaacho yeye chatufaa sote, na nyumba nzima ikila hivyo, mgonjwa hataona ametengwa.

Kanuni nyepesi ni ya sahani. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, kisamvu, matembele, bamia au biringani. Robo iwe samaki, kuku, mayai, au kunde, choroko na mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali, muhogo, ndizi au mkate. Wengi wetu tumeipindua kanuni hii. Wali hujaza sahani, na mboga ni kijiko kimoja cha kutia rangi. Tena watu husema, "Mimi nimeacha sukari, nala muhogo tu." Muhogo, boflo na viazi vitamu havina utamu wa asali, lakini tumboni hugeuka sukari vile vile. Havikatazwi, ila vina kipimo.

Taabu yetu nyingine ni sinia. Tulapo watu sita katika sinia moja, nani ajuaye amekula kiasi gani? Desturi hii ni nzuri na hatutaki ife. Mgonjwa na apakuliwe sahani yake, kisha akae pale pale pamoja na wenziwe. Au atenge fungu lake upande wake wa sinia, na likisha, anyanyue mkono. Na sisi wengine tuache ile tabia ya kumsukumia mtu tonge kwa kumwapiza. Aliyekataa tonge la tatu hakudharau mwenyeji.

Vinywaji ndivyo vinavyoharibu upesi kupita vyote. Chupa ndogo ya soda ina sukari ipatayo vijiko 8 vya chai, na maji ya miwa na sharbati ya dukani hayaipungukii sana. Maji ndiyo kinywaji cha mgonjwa, na chai ya viungo bila ya sukari. Hapa karafuu yetu ina kazi nzuri: ukitia karafuu mbili, kipande cha mdalasini, hiliki na tangawizi, ulimi utasahau sukari baada ya wiki chache. Matunda yaliwe kwa kiasi, tunda lenyewe wala si maji yake. Na la mwisho katika chakula ni saa: mwenye kutumia dawa za kushusha sukari ale kwa saa zake, asirukeruke.

KAZI NA MWENDO

Kazi ya mwili ni dawa isiyonunuliwa, kwani mishipa na nyama zikifanya kazi hupokea sukari kwa wepesi. Wakati usio wa msimu, mgonjwa asikae barazani tokea asubuhi hata magharibi. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku 5 katika wiki, hutosha. Na palizi ya shamba, kukata magugu chini ya mikarafuu, au kwenda msikitini kwa miguu badala ya pikipiki, vyote vimo katika hesabu. Mama zetu walio majumbani nao wapate nafasi ya kutembea.

Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, yafaa iachwe. Maradhi haya huibana mishipa ya damu, na tumbaku huibana vile vile. Mtu aliye na vyote viwili ameuita ugonjwa wa moyo na kiharusi kwa jina. Kwa sababu hiyo hiyo, presha ipimwe kila aendapo kliniki.

DAWA

Kwa namna ya pili, wengi huanzishwa vidonge vya metfomini. Hivi peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Vipo vingine, kama glibenklamidi, ambavyo huifanya kongosho itoe insulini zaidi. Hivi vyaweza kuishusha sana, hasa kwa wazee na kwa mtu asiyekula. Na iko sindano ya insulini. Mgonjwa aulize dawa yake ni ya upande gani, kwani anayetumia glibenklamidi au sindano ndiye apaswaye kujihadhari zaidi juu ya mti.

Watu wengi huiogopa sindano wakisema kwamba ndiyo mwisho wa mgonjwa. Maneno haya ni kinyume cha kweli. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na namna ya kwanza hakuwa na lolote ila kungoja kufa. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliweza kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuchomwa. Aliishi. Kwa hiyo sindano ndiyo iliyowaondolea watu mauti. Mwenye namna ya kwanza asiiache hata siku moja, hata akiwa mgonjwa wa homa asiyeweza kula vizuri. Akiiacha, damu hugeuka kuwa na asidi, atapike, apumue kwa nguvu, na aweza kufa kwa siku chache. Akiumwa, anywe maji kwa wingi, apime mara nyingi, na akitapika bila ya kukoma aende hospitali mara moja.

Insulini haitaki joto wala haitaki kuganda. Kichupa kisichofunguliwa hukaa katika friji, mbali na pale panapogandisha barafu. Iliyoganda imeharibika, itupwe. Iliyofunguliwa hukaa yapata wiki 4 mahali pa baridi, kwa kadiri ya maandishi ya kichupa chenyewe. Asiye na friji atumie akili ya bibi zetu. Achukue mtungi mkubwa wa udongo, atie ndani yake mtungi mdogo, kati yake ajaze mchanga, aurowanishe kwa maji kila siku, na auweke kivulini penye upepo. Kichupa kifungwe ndani ya mfuko mkavu, kiwekwe katika mtungi mdogo na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Shambani kisiachwe ndani ya gari wala juani.

SUKARI IKISHUKA

Hili ndilo lililompata mchumaji wetu, na ndilo linaloua upesi. Sukari ikiwa chini ya 4, mtu huanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, moyo kumwenda mbio, njaa kumshika ghafula, na macho kufanya kiwi. Ikizidi kushuka hubabaika, huwa mkali bila sababu, husema ovyo kama mlevi, kisha huzimia. Mambo haya yakitokea chini, huanguka mchangani. Yakitokea juu ya mkarafuu, futi 30 au 40 kutoka ardhini, kila mmoja wetu ajua mwisho wake.

Dawa yake ni nyepesi, na imo katika kila jiko. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliye na fahamu ya kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au kijiko kikubwa cha asali. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu, mpe tena kiasi kile kile. Akisha kupata nafuu, ale chakula, kama mkate au muhogo, ili sukari isishuke mara ya pili. Siku hiyo asipande tena. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, kwani kitampalia; alazwe kwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Ukiwa na shaka kama sukari imeshuka au imepanda, na hapana kipimo, naye aweza kumeza, mpe sukari. Iliyopanda haimwui mtu kwa robo saa, iliyoshuka yaweza.

Mwenye sindano au glibenklamidi asipande mti ila daktari wake ameridhia, amekula, na amepima kabla ya kupanda. Na mfukoni mwake pawe na sukari iliyofungwa katika karatasi ya nailoni, si iliyoachwa chini penye kikapu. Na kwa yule aliyewahi kushukwa na sukari bila ya kuhisi dalili, kazi yake iwe chini.

MIGUU

Sukari ikikaa juu miaka mingi, hula mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huacha kuhisi maumivu. Asiyejua huliona jambo hili kuwa raha. Kumbe maumivu ni mlinzi, na mlinzi amelala. Mzee mmoja wa kwetu alisimama pekupeku mchana juu ya sakafu ya saruji akigeuza karafuu. Wenziwe waliokuwa pekupeku walikuwa wakirukaruka kwa joto, yeye alikuwa ametulia, na watu wakasema, "Mzee ana miguu ya zamani." Usiku mkewe aliona malengelenge nyayo zote mbili. Kidonda kikafichwa, kikatiwa majani, na mwisho wake alikatwa vidole viwili. Lau angelikwenda siku ile ya kwanza, huenda vingelisalia.

Basi mgonjwa asitembee pekupeku, si shambani, si sakafuni, wala si uani. Avae viatu vya kufunika vidole, na kabla ya kuvivaa avikung'ute, pengine mna kijiti au jiwe. Kila usiku aoshe miguu, aikaushe baina ya vidole, na aitazame. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwite mwanawe. Kila anayetawadha mara tano kwa siku ana nafasi tano za kuitazama miguu yake, na hiyo ni neema. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Mchubuko, lengelenge, au kidole kilichobadili rangi, kikionekana leo kipelekwe kituo cha afya leo.

Kadhalika macho yapimwe na mtaalamu mara moja kila mwaka, hata kama yanaona vizuri, na mkojo upimwe ili ijulikane hali ya figo. Viungo hivi huharibika kimya kimya, na dawa hufaa zaidi kabla ya kuharibika.

MWEZI WA RAMADHANI

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu saumu. Suratul Baqara, katika aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa ana fidia. Ruhusa hiyo imetoka kwa Mwenye kuiamuru saumu yenyewe, kwa hiyo mtu asione haya kuitumia. Wapo wagonjwa wanaoweza kufunga kwa salama, hasa wanaotumia chakula na metfomini tu. Wapo wasiofaa kufunga, kama mwenye sukari inayoshuka mara kwa mara, mwenye figo mbovu, na wengi wa wenye namna ya kwanza. Kila mtu amwone daktari tokea Rajabu, asingoje mwezi uandame, maana saa za dawa na kiasi chake havina budi kubadilishwa.

Aliyefunga asiache daku, na ailishe karibu na alfajiri. Kutoboa kidole ili kupima hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamesema hivyo hivyo kuhusu sindano ya insulini. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikizidi 16.6, afungue papo hapo, japo imebaki saa moja. Jioni afuturu kwa tende chache na maji, kisha chakula cha kipimo. Siyo kaimati, tambi, uji mtamu na sharbati kwa pamoja.

KARAFUU SI TIBA YA SUKARI

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kwa biashara yetu. Siku hizi yapo maneno mengi, hata katika simu, kwamba maji ya karafuu huponya sukari. Sisi ni watu wa karafuu, na kama maneno hayo yangelikuwa kweli, hapana ambaye angelifurahi kutushinda. Wataalamu wameichunguza karafuu na wangali wakiichunguza, lakini haijathibitika kwamba humponya mgonjwa wala kwamba yaweza kushika mahali pa dawa yake. Karafuu chache katika chai na pilau hazina ubaya. Mafuta ya karafuu ni kitu kingine. Yakinywewa kwa wingi huweza kudhuru ini. Kwa hiyo Kamati inawaomba wanachama: tusiuze karafuu kwa ahadi hiyo, wala tusimwambie mgonjwa aache kidonge chake anywe maji yetu. Faida ya kikombe kimoja haistahili mguu wa mtu.

TUNAYOWAOMBA WANACHAMA

Kamati imeyaona haya, nasi twayaleta kwenu kwa kutekelezwa msimu ujao.

Kwanza, kila kambi na kila shamba liwe na sukari, maji safi na kikombe mahali pajulikanapo na watu wote, wala visitumiwe kwa chai. Hili halina gharama ya kusemwa.

Pili, gari isiondoke na mtu mwenye njaa. Ikifika mapema, wachumaji wangojwe wanywe chai. Dakika 20 hazitazifanya karafuu zikachanua.

Tatu, kiongozi wa kambi ajue ni nani mwenye maradhi haya, na ajue la kufanya. Aambiwe kwa faragha, naye ahifadhi alichoambiwa.

Nne, na hili ndilo zito. Mwenye shamba asimfukuze mtu kwa sababu amesema kweli. Kazi ya karafuu haiko juu ya mti peke yake. Iko kazi ya kuchambua, ya kuanika na kugeuza, ya kupima pishi, ya kutunza magunia, na yote hiyo ni ya malipo. Tukimfukuza mmoja aliyesema, kumi wengine watanyamaza, na tutakuja kuwaokota chini ya miti yetu.

Mchumaji tuliyemtaja hapo mwanzo bado yupo kazini. Mwenye shamba alimweka sakafuni kusimamia uanikaji, na miti mifupi hupanda akiisha kula na kupima. Kipimo chake hukaa katika mfuko wa shati, na asubuhi huwaonyesha vijana ile namba kabla hawajaanza kazi, nao humtania kwa kumwuliza leo soko limefunguliwa kwa bei gani. Yule bibi wa jamvini naye ndiye aliyekabidhiwa kopo la sukari. Alipokabidhiwa alituambia, "Lau tungelijua haya mapema, mume wangu angelikuwapo." Hatukuwa na jawabu la kumpa, ila kuwaandikieni haya.

Mwenye swali au mwenye kutaka kupimwa amwone tabibu wa kituo kilicho karibu naye, au aje ofisini kwetu tumwelekeze.

Wabillahi taufiq.

Kwa niaba ya Kamati,
Katibu